Ada ya Mwanachama, Bei ya Mgeni: Nani Analipa Nini Masisi na Walikale

Mtu mzima aliyeishi Pinga au vijiji vya kandokando yake wakati kundi la wapiganaji la NDC-Rénové lilipokuwa likitawala sehemu kubwa ya Walikale na kuingia Masisi, huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kabla halijagawanyika Julai 2020, anaijua jetoni. Kilikuwa kipande cha karatasi kilichotolewa baada ya kulipa faranga 1,000 kwa mwezi, na kila mtu mzima alitakiwa awe nacho. Mwenye jetoni alipita kwenda shambani au sokoni. Asiye nayo alitozwa faini, na faini ikimshinda alifungwa.

Ukiitazama kwa umbo lake tu, jetoni inafanana na kadi ya uanachama. Kiwango kinajulikana, malipo ni ya kila mwezi, stakabadhi ipo, na aliyelipa anatendewa tofauti na asiyelipa. Klabu za michezo za mijini zinafanya hivyohivyo. Kwenye klabu za farasi, kama zile za Nairobi na Kinshasa, mwanachama analipa ada yake na uwanja ni wake mwaka mzima, na asiye mwanachama akitaka kupanda siku moja analipia siku hiyo, tena kwa bei iliyo juu kuliko ile inayomwangukia mwanachama. Mgeni huyo haoni kuwa ameibiwa. Kwa nini basi mpangilio wa namna hiyo, ukifika kwenye milima ya Masisi na misitu ya Walikale, mara nyingi unageuka kero, na mara nyingine unageuka vita?

Swali hili lina uzito kwa sababu eneo lenyewe linaishi kwa vyama. Serikali iko mbali, au ipo kwa siku kadhaa kisha haipo. Mchimbaji ana ushirika wake, mfugaji ana chama cha wafugaji, dereva wa pikipiki ana chama chenye fulana na namba, mama muuza ndizi ana likelemba (mchango wa mzunguko) au AVEC (kikundi cha kuweka na kukopa), parokia ina mfuko wa matibabu. Katika kila kimojawapo kuna waliomo na wasiomo, na kuna bei mbili. Anayetaka kujua jinsi watu wa huku wanavyotawaliwa kweli aanze na bei hizo mbili kabla ya kusoma katiba ya nchi.

Mwaka 1965 wanauchumi wawili wa Marekani waliandika, kila mmoja kwa njia yake, mambo yanayosaidia kulielewa suala hili. James Buchanan alieleza kwamba kuna vitu ambavyo si mali ya mtu mmoja wala si mali ya umma wote: vinatumiwa na watu wanaoweza kuhesabiwa, na wengine wanaweza kuzuiwa. Kila anayeongezeka anapunguza gharama ya waliomo lakini anazidisha msongamano, na ada ndiyo inayopatanisha mambo hayo mawili. Mancur Olson alitazama upande mwingine. Pale ambapo mtu hawezi kuzuiwa, alisema, wengi watakula jasho la wenzao, na kundi kubwa litashindwa kujichangia hata kama kila mmoja anaitaka huduma ile.

Kwa hiyo tofauti ya bei baina ya mwanachama na mgeni ina sababu ya haki. Mwanachama ameweka hisa yake tangu mwanzo. Analipa ada hata mwaka ambao hakutumia chochote. Chama kikipata hasara, hasara ni yake. Mgeni ananunua huduma na kwenda zake, na ile nyongeza anayotozwa ni kodi ya kutumia kitu kilichojengwa na wengine. Lakini haki hiyo inasimama juu ya masharti mawili, na hayo ndiyo kipimo ninachokitumia katika kila mfano unaofuata. La kwanza: asiyelipa anakosa huduma, basi, hakuna kingine kinachompata. La pili: anayelipa bei ya mgeni ana njia inayojulikana ya kuwa mwanachama siku akitaka. Sharti la kwanza likivunjwa, ada imekuwa ushuru wa mabavu. La pili likivunjwa, bei ya mgeni imekuwa kodi ya kudumu ya mtu asiye na kura.

Tuanze na Bisie, Walikale. Kasiteriti, yaani mawe ya bati, ilianza kuchimbwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye kilima kilichomo ndani ya msitu, mwendo mrefu kwa miguu kutoka Njingala. Katika miaka yake ya kilele kilima hicho kimoja kilitoa sehemu kubwa kabisa ya kasiteriti ya Kivu Kaskazini nzima. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 hadi barabarani, na ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara ya taifa pale Kilambo kuyapakia kwenda Goma. Katika safari yote hiyo kulikuwa na watozaji: mwenye shimo, mwenye ardhi, maafisa wa idara mbalimbali, na juu ya wote wanajeshi wa brigedi ya 85 iliyoongozwa na Kanali Samy Matumo hadi mwaka 2009. Wakati huohuo vyama viwili vya ushirika, COMIMPA na COCABI, viligombea nani aseme kwa niaba ya wachimbaji.

Sasa jiulize mchimbaji wa wakati ule alikuwa ananunua nini kwa ada yake ya ushirika. Kizuizi cha wanajeshi hakikumpunguzia mtu kwa kuwa ana kadi. Ushirika haukuweza kumlinda shimoni wala njiani, kwa kuwa mwenye bunduki hakuwa mwanachama wala mgeni: alikuwa anatoza pande zote mbili. Mahali ambapo mwanachama na asiye mwanachama wanatozwa sawa na mtu wa tatu, uanachama unabaki malipo ya ziada juu ya malipo mengine. Hilo ndilo lililovivunja nguvu vyama vingi vya wachimbaji, kuliko hata wizi wa viongozi unaosemwa sana. Kisha ikaja amri ya Rais Joseph Kabila ya kusimamisha uchimbaji wote Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Kwa miezi sita ushirika haukuwa na huduma halali ya kumpa mtu.

Leo kilima cha Bisie ni mgodi wa viwandani wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019 na unaotoa karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Ulisimama kwa wiki kadhaa mwaka 2025, mwezi Machi, waasi wa M23 walipokuwa wakikaribia na hatimaye kuingia Walikale mjini, kisha ukaanza tena Aprili baada ya wapiganaji hao kuondoka. Chini ya sheria ya madini iliyorekebishwa, kampuni kama hii inatenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na mgodi. Hapa suala la uanachama linarudi kwa sura mpya: jamii imekuwa chama kisicho na ada, na vita vya maneno ni juu ya nani yumo. Kijiji kilicho kando ya barabara ambako malori yanapita kimo au hakimo? Mchimbaji aliyekaa Bisie miaka kumi akatolewa, naye amezaliwa Masisi, yumo? Mgao wa bure unazua ugomvi wa mipaka kuliko ada, kwa sababu ada angalau inamchuja mtu kwa utayari wake wa kulipa, na mgao unamchuja kwa ukoo na kijiji alichozaliwa.

Sheria yenyewe imeongeza utata. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe ndani ya ushirika ulioidhinishwa na achimbe katika maeneo yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Nia ilikuwa njema. Wachimbaji waliotawanyika hawawezi kufunzwa, kukaguliwa wala kulindwa, na ushirika unampa afisa wa SAEMAPE, idara ya serikali inayowahudumia wachimbaji wadogo, mlango mmoja wa kubisha. Lakini tangu siku hiyo mchimbaji asiye mwanachama si mgeni tena wa kulipa bei ya juu: ni mvunja sheria. Upande wa pili, Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na sheria ya pamoja ya nchi hizo juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inasema uanachama ni wa hiari na mlango u wazi, kila mwanachama ana kura moja hata hisa zake ziwe nyingi kiasi gani, na chama kinaweza kuhudumia watumiaji wasio wanachama kwa mipaka iliyowekwa katika katiba yake. Sheria moja inasema jiunge ukitaka. Nyingine inasema usipojiunga usichimbe.

Afrika Mashariki imewahi kupita njia hii. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, KNPA, kikafuatwa na KNCU mwaka 1933. Mwaka 1934 utawala wa Waingereza uliweka kanuni iliyomlazimisha kila mkulima Mchaga auze kahawa yake kupitia KNCU. Bei ziliposhuka, hasira ambayo ingemwangukia mnunuzi ilikiangukia chama, na mwaka 1937 ghasia zilizuka. Chama kilichojengwa na wakulima wenyewe kilionekana kama mkono wa serikali. KNCU iliokoka na ikawa mojawapo ya vyama vyenye nguvu barani, lakini ilichukua miaka kurudisha imani. Nauleta mfano huu kwa sababu unaonyesha kuwa kulazimisha uanachama kunaumiza chama kabla ya kumuumiza mwanachama. Kiongozi anayejua kwamba watu hawana pa kwenda hana sababu ya kuwaeleza fedha zao ziko wapi.

Rubaya, Masisi, ni hadithi ndefu zaidi, na hapo ndipo ningependa msomaji akae. Koltani ya Rubaya inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Kibali cha sehemu kubwa ya mashimo kilikuwa cha kampuni ya MHI, baadaye SMB, ya mbunge Édouard Mwangachuchu. Waliokuwa wakichimba walikuwa wanachama wa COOPERAMMA, ushirika wa wachimbaji wa Masisi. Mwaka 2013 pande hizo mbili zilikubaliana: wana-COOPERAMMA wachimbe ndani ya kibali cha kampuni, na koltani yao waiuze kwa kampuni hiyo peke yake. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la maana, kwani lilikuwa likitafuta amani kati ya watu waliokuwa wakigombea milima ileile.

Tazama lakini hesabu ya mchimbaji. Mwanachama amefungwa kwa mnunuzi mmoja. Kampuni ikichelewa kulipa, na malalamiko ya kucheleweshewa yalikuwa ya mara kwa mara, anangoja. Jirani yake anayechimba nje ya mkataba, au anayevusha gunia usiku hadi eneo la kibali cha kampuni ya serikali, SAKIMA, analipwa papo hapo. Kwa hiyo uanachama ulikuwa na gharama kubwa kuliko kutokuwa mwanachama. Hakuna klabu duniani inayodumu kwa bei ya namna hiyo. Watu walifanya ambalo wangelifanya popote: walibaki wanachama mchana, wakawa wageni usiku. Miaka ya ugomvi kati ya ushirika na kampuni, pamoja na magendo yaliyofuata, mara nyingi imeelezwa kwa makabila, na makabila yalikuwemo. Hata hivyo, ukikaa na mashimo yenyewe unaona kwamba bei peke yake ingetosha kuyaleta.

Kuna jambo jingine ndani ya shimo ambalo mikataba hailigusi. Mwenye shimo, anayeitwa PDG, ndiye anayetoa fedha za kuchimba, chakula, mbao na pampu. Wachimbaji wanalipwa kwa sehemu ya mazao au kwa siku, baada ya madeni yao kukatwa. Katika vyama vingi vya ushirika vya madini vya Kivu, ma-PDG na wanunuzi ndio wanaokaa kwenye kamati. Mchimbaji wa chini anahesabiwa kuwa mwanachama pale chama kinapohitaji idadi ya kuonyesha wizara, na anahesabiwa kuwa mgeni pale fedha zinapogawanywa. Amelipa kadi, hana hisa. Akina mama wanaotwanga mawe na kuosha mchanga uliobaki wako mbali zaidi: wanalipa ili waruhusiwe kuingia eneo la machimbo, na katiba nyingi hazina hata neno la kuwataja. Kwa kipimo changu cha pili, hawa ni wageni wasio na mlango, nao wamekuwepo tangu siku ya kwanza.

Tarehe 30 Aprili 2024 M23 iliiteka Rubaya. Kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, waliotoa ripoti mwishoni mwa mwaka huo, kundi hilo liliweka utawala wake wa madini, likatoa vibali vya mwaka kwa dola 25 kwa mchimbaji na dola 250 kwa mfanyabiashara, likaongeza malipo ya wachimbaji ili wabaki kazini, na likakusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na biashara hiyo. Kabla ya hapo, machimbo yalikuwa chini ya wapiganaji wa PARECO-FF, na mwezi Agosti 2025 Marekani iliwawekea vikwazo wapiganaji hao pamoja na ushirika mmoja wa madini, CDI, ikisema uliuza madini yaliyotoka katika mashimo waliyoyashikilia. Ninaona umuhimu mkubwa katika zile dola 25. Mwenye bunduki angeweza kuchukua tu. Alichagua kutoa kadi ya mwaka, yenye bei moja inayojulikana, na bei nyingine kwa mfanyabiashara, kwa sababu watu wa eneo hili wameishazoea kulipa kwa namna hiyo, na malipo yenye umbo la ada hayaleti upinzani kama unyang'anyi wa kila siku. Lile linalokosekana liko wazi: asiye na kibali hapotezi huduma fulani, anapoteza haki ya kufanya kazi kwenye mlima wa kwao, na aliye nacho hana mkutano wa kuuliza dola zake zimeenda wapi.

Tuhame kutoka mashimoni twende malishoni, maana huko hesabu inageuka kabisa. Milima ya Masisi, kuanzia Mushaki kuelekea Kilolirwe na Ngungu, ni nchi ya ng'ombe na jibini. Mifugo ilikaribia kwisha katika vita vya miaka ya 1990, ikarudishwa polepole na wenye mashamba makubwa na wafugaji wadogo. Vyama vya wafugaji vya jimbo vinakutana katika ACOGENOKI. Adui wa ng'ombe wa nyanda hizi ni kupe, wanaoleta ndigana kali, na kinga yake ya zamani ni josho na dawa ya kunyunyiza.

Kwenye josho, kanuni ya klabu ya farasi inaleta hasara. Ukimtoza asiye mwanachama bei ya juu, atakwenda zake bila kuosha ng'ombe wake. Kupe wake watavuka uzio kesho yake na kuingia kwako. Mwanachama amelipa ada ya mwaka mzima ili azungukwe na mifugo michafu. Hili ndilo tatizo la Olson lenyewe: faida ya josho haiwezi kufungiwa mlangoni. Ndivyo ilivyo na chanjo ya homa ya mapafu na ya ugonjwa wa midomo na miguu. Kwa huduma za aina hii bei ya mgeni inapaswa iwe sawa na ya mwanachama au chini yake, na pengo lijazwe kutoka kwenye huduma zinazoweza kufungiwa: ghala la dawa, usafiri wa maziwa hadi Goma, mkopo, soko la jibini. Chama cha wafugaji kinachoweka jedwali moja la bei kwa kila kitu kinajidhuru bila kujua. Wafugaji wengi wanalijua hili kwa akili ya kawaida na wanamvumilia jirani asiyelipa. Makatibu wa vyama, waliosomea hesabu za mijini, ndio wanaokazania kumtoza.

Ng'ombe hapati malisho bila ardhi, na ardhi ndiyo sehemu ngumu ya uchambuzi huu.

Kwa desturi ya Wahunde, aliyepewa shamba alitoa mutulo kwa mwami, yaani chifu, au kwa mwenye mji: mbuzi, pombe, sehemu ya mavuno, baadaye fedha. Kwa mtu wa pale mutulo ulikuwa alama ya kuwa mmoja wao. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji walileta familia kwa maelfu kutoka Rwanda na kuziweka Masisi, kazi iliyoendelea hadi 1955. Watu hao na watoto wao walilima, walitoa, walifanya kazi za lazima. Walilipa kwa vizazi. Swali ambalo halikupata jibu ni kama malipo hayo yalikuwa ya mwanachama au ya mgeni. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya dola, na wenye majina na fedha walijipatia mashamba makubwa juu ya ardhi ambayo wakulima waliamini wameishailipia. Sheria ya uraia ya 1981 ilizidisha wasiwasi. Chama cha wakulima cha MAGRIVI, kilichoanzishwa 1980, kilikua kikawa mahali pa kuuliza swali hilo kwa sauti, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wafuasi wake wengi walikataa kutoa chochote kwa machifu. Machifu nao waliona kwamba asiyetoa hana haki ya kukaa. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na moto ukaenea Masisi. Maelfu walikufa na mamia ya maelfu walikimbia makwao.

Sitaki kuvipunguza vita vile viwe ugomvi wa ada. Vilikuwa na siasa za Kinshasa, woga wa kura zilizokuwa zikija, na watu waliovichochea kwa makusudi. Lakini moyoni mwake kulikuwa na kundi kubwa la watu waliolipa bei ya mgeni kwa zaidi ya miaka 50 bila kuonyeshwa mlango wa kuingia, na kundi jingine lililoona wageni wakizidi idadi ya wenyeji na kuogopa kwamba mlango ukifunguliwa litakuwa wachache katika nyumba yake. Woga huo wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Buchanan angesema ni woga wa msongamano, na kila chama chenye akili huwa na kanuni juu yake: muda wa kungoja, viti vilivyohifadhiwa, namna ya kupiga kura. Masisi haikuwa na kanuni iliyoandikwa, ilikuwa na kumbukumbu zinazopingana. Hadi leo katika mashamba makubwa mkulima anapewa kipande cha kulima kwa kulipa siku za kazi kwa mwenye shamba, zinazoitwa salongo, na msimu ukiisha anaweza kuambiwa ahame ili ng'ombe waingie. Amelipa kwa mgongo wake, na hana karatasi.

Baada ya hayo yote, AVEC inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayonipa matumaini ya kweli. Mfumo huu wa kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima, na umekita mizizi Masisi na Walikale kama ulivyokita Tanzania kwa jina la vikoba. Watu kati ya 15 na 30, wengi wanawake, wananunua hisa moja hadi tano katika kila mkutano, wanachangia kidogo mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanavunja kasha na kugawana. Kasha lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Aliyechelewa anajua faini yake. Asiye mwanachama hakopeshwi. Akitaka, anangoja mzunguko mpya uanze. Masharti yangu mawili yote yanatimizwa: asiyelipa anakosa mkopo tu, na mlango una tarehe.

Vita vimeujaribu mfumo huu kwa namna ambayo waanzilishi wake hawakuifikiria. Mapigano ya karibu na Sake mwanzoni mwa 2024 yaliwasukuma watu wa Masisi kwa mamia ya maelfu hadi kambi za kando ya Goma, na baada ya M23 kuichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025 kambi hizo zilivunjwa na watu wakatawanyika tena. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na ufunguo mmoja Kitchanga, mwingine Minova, wa tatu umepotea, na kasha liko kwa mtu ambaye njia ya kumfikia imefungwa. Mwanachama aliyekimbia hawezi kununua hisa. Kwa kanuni ya kawaida anahesabiwa kuwa amejitoa, na akirudi anaanza upya kama mgeni. Kanuni hiyo ina maana mahali penye amani, ambako anayekosa mikutano amekosa kwa hiari yake. Hapa inamwadhibu mtu kwa kukimbia risasi. Vikundi vinavyoandika tangu mwanzo kwamba hisa za aliyekimbia zinalala bila kufa, na kwamba akirejea ndani ya muda fulani anarudi mahali pake kwa kulipa tu ada ya mikutano atakayohudhuria, vinaishi. Visivyoandika vinavunjika kwa kutuhumiana.

Vyama vya ushirika vya madini na vyama vya wafugaji vingeweza kuchukua kutoka hapo mambo machache yasiyohitaji waziri wala wafadhili. Bei zote mbili, ya mwanachama na ya mgeni, ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili mahali huduma inapotolewa, pamoja na jina la huduma ambayo kila fedha inanunua. Ada ya mwaka itengwe na hisa, kwa kuwa ada inatumika ikaisha na hisa ni mali ya mtu, ya kurudishiwa akiondoka au kuachiwa mjane wake. Na ile nyongeza anayotozwa mgeni ihesabiwe kwa jina lake hadi ifikie thamani ya hisa moja, kisha apewe kadi na kura. Hilo la mwisho litapingwa na kamati nyingi, kwa sababu mgeni wa kudumu ni chanzo kizuri cha mapato. Wale mafundi na wafumaji 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844, walipata hisa zao za paundi moja kwa kuchanga peni chache kila wiki. Mama anayetwanga mawe Rubaya tayari anachanga kila siku anapovuka kizuizi cha kuingia machimboni. Kinachotakiwa ni daftari lenye jina lake, nakala moja ikae kwa chama na nyingine nyumbani kwake, ili siku ya kukimbia aondoke nayo.